Tushukuru, Lakini Tusisimangane

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mwanza, na huu ni mwaka wa tisa nafanya kazi hapa Johannesburg. Si mwanasiasa na sina kadi ya chama chochote. Leo naomba tulipime jambo moja ambalo wengi wetu tunalisema kwa hasira, lakini hatukai kulitafakari. Jeshi la nchi moja linapovuka mpaka kwenda kuokoa watu wa nchi nyingine kwenye maafa, nani anamdai nani shukrani? Na deni hilo linalipwaje?

Kilichonisukuma ni hiki. Ndani ya wiki moja nilisikia maneno yaleyale kutoka kwa watu wawili wasiojuana.

Wa kwanza ni mama mmoja wa makamo, Msauzi, aliyekuja kumtazama binti yake wodi ya wazazi. Kitanda cha jirani alikuwa amelala mwanamke wa Msumbiji, mwenyeji wa mkoa wa Gaza, amejifungua alfajiri ile. Yule mama alimtazama, kisha akanigeukia mimi. "Sista, jeshi letu ndilo lililowatoa hawa kwenye miti mwaka ule wa mafuriko. Leo wamejaa kwenye vitanda vyetu. Hawana shukrani." Alisema kwa Kitsonga, lugha ambayo watu wa Gaza nao wanaizungumza, kwa hiyo mgonjwa wangu alielewa kila neno. Hakujibu. Aligeukia ukutani akamvuta mtoto wake karibu. Na mimi, ambaye Kitsonga nakisikia kiasi cha kutosha, sikujibu. Nilipima presha, nikaandika kwenye faili, nikaondoka.

Wa pili ni mzee wetu, Mtanzania, Jumamosi ya wiki hiyohiyo, msibani. Tulikuwa tunazungumzia jinsi wageni wanavyosumbuliwa hapa. Mzee akaweka kikombe chini akasema: "Hawa watu tuliwalisha sisi. Tuliwapa Mazimbu, tukawapa Dakawa, tukawaficha watoto wao. Leo wanatufukuza kama mbwa. Hawana shukrani." Wote tulitikisa vichwa kukubali. Mimi nikaitikia kwa sauti kabisa: "Kweli mzee wangu."

Usiku ule nilipolala ndipo nikagundua kwamba sentensi iliyonichoma wodini Jumatano, Jumamosi nimeipigia makofi.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba mimi mwenyewe ni mdaiwa. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa mtoto wa miaka mitano. Asubuhi ile MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo. Mama yangu mdogo alikuwemo. Wengi wenu mnaikumbuka habari ile: meli iliyokuwa na uwezo wa abiria 430, imebeba watu kupita kiasi, imelala kifudifudi juu ya maji, watu wakigonga kutoka ndani. Likatobolewa tundu ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama nao. Mamia ya ndugu zetu walikufa.

Siku zilizofuata walikuja wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Afrika Kusini kusaidiana na wenzetu. Kazi iliyowakuta haikuwa ya kuokoa tena, ilikuwa ya kutoa miili. Hebu fikirini kazi hiyo: kuingia ndani ya chuma kilicholala chini ya ziwa, gizani, kuwatoa watu usiowajua, mmoja mmoja, ili ndugu zao wapate kuzika. Mama mdogo alipatikana. Bibi yangu alimzika mwanawe kwa heshima zote, na mpaka anafariki alikuwa akisema: "Mwanangu walimtoa Makaburu. Mungu awape afya."

Vijana wa leo pengine hawajui uzito wa neno hilo. Katika nyumba zetu wakati ule, Kaburu alikuwa adui. Redio ilitufundisha hivyo miaka na miaka, na ilikuwa sahihi. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote Afrika Kusini ulikuwa umefanyika Aprili 1994, miaka miwili tu kabla. Bibi hakusahau ubaya wa serikali ya makaburu hata kidogo. Lakini aliweza kushika mambo mawili kwa mkono mmoja: kwamba nchi ile ilitenda uovu mkubwa, na kwamba askari wale walimtolea mwanawe majini. Hakuna aliyemfuata kumwambia, "Bibi, kwa kuwa tulikutolea mwanao, basi sasa nyamaza."

Na si mara moja tu. Spice Islander ilipozama Septemba 2011 karibu na Nungwi, wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walikuja tena Zanzibar. Safari hiyo kina cha bahari na nguvu ya mkondo viliwashinda. Lakini walikuja.

Sasa twende Msumbiji, maana huko ndiko alikokuwa akikusema yule mama wodini. Februari 2000 mvua kubwa zilifurisha mito ya kusini, kisha kimbunga Eline kikatua tarehe 22. Mto Limpopo ukamwaga maji yake juu ya Chokwe na Xai-Xai. Watu wapatao 700 walikufa. Maelfu walipanda juu ya mapaa na miti wakisubiri siku baada ya siku. Waliotangulia kufika kwa nguvu ni marubani wa Jeshi la Anga la Afrika Kusini, wakiwa na helikopta chache, wakiruka tangu asubuhi hadi jioni. Waliokoa watu zaidi ya 14,000. Wakati huo mataifa makubwa yalikuwa bado yanajipanga, na kule Uingereza mawaziri walikuwa wanabishana juu ya gharama za helikopta za jeshi lao wenyewe. Tarehe 1 Machi mtoto wa kike, Rosita, akazaliwa juu ya mti, na helikopta ya jeshi hilo ikamchukua yeye na mama yake. Mimi nazalisha kwenye kitanda chenye taa, maji safi na daktari chumba cha pili. Nikifikiria tabibu wa kijeshi anayeshushwa kwa kamba mpaka kwenye matawi, chini yake mto, navua kofia. Anayeubeza wema huo hana utu.

Lakini historia haikuanza mwaka 2000. Jeshi hilohilo la anga ndilo lililoshambulia Matola, pembeni ya Maputo, Mei 1983. Miaka miwili kabla, Januari 1981, makomando wa Afrika Kusini walivuka mpaka wakaua watu hapohapo Matola. Serikali ya makaburu iliwasaidia Renamo katika vita vilivyoangamiza watu wasiohesabika. Mtu aliyekuwa na miaka 20 Matola mwaka 1983 alikuwa na miaka 37 yalipokuja mafuriko. Anaweza kabisa kuwa aliwahi kuzikimbia ndege za jeshi lile, kisha akazipungia mkono kutoka juu ya paa. Huyo akisema asante huku anakumbuka, utamwita mtovu wa shukrani? Mimi nasema huyo ndiye anayejua bei ya asante yake.

Wapo wanaosema, na nimewasikia hata baadhi ya wasomi wetu, kwamba tatizo ni sisi Waafrika: tukisaidiwa na majeshi ya wengine tunapokea kwa mkono mmoja na kutukana kwa mwingine. Hebu tuliangalie hilo kwa mfano wa jirani zetu.

Agosti 7, 1998, bomu la al-Qaeda lililipuka ubalozi wa Marekani Nairobi. Watu 213 walikufa, na kati yao Wamarekani walikuwa 12 tu. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka na kufukia watu wakiwa hai. Wakafika askari wa mataifa mawili. Kikosi cha uokoaji cha jeshi la Israeli kiliingia kwenye kifusi cha Ufundi na kuchimba pamoja na Wakenya, usiku na mchana. Wanamaji wa Marekani walisimama na bunduki kuzunguka ubalozi wao. Wakenya waliokuwa wakichimba kwa mikono waliwalalamikia sana. Baadhi ya maafisa wa Marekani walijitetea kwa kutaja waporaji, na maneno hayo yakawachoma watu waliokuwa wanatafuta ndugu zao kwenye vumbi.

Mnaona? Mji mmoja, wiki moja, maafa mamoja. Waisraeli walishukuriwa kwa machozi. Wanamaji wa Marekani walilaumiwa. Je, Wakenya walikuwa na shukrani asubuhi na wakaikosa jioni? Hapana. Watu waliofikwa na maafa wana macho. Wanamjua aliyeshika sepetu na wanamjua aliyeshika bunduki mlangoni. Mtu akilalamikiwa baada ya kutoa msaada, asikimbilie kusema wale hawana shukrani. Ajiulize kwanza alikuwa amesimama upande gani wa kifusi.

Turudi hapa Johannesburg. Miaka minane baada ya zile helikopta, Mei 2008, vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra zikasambaa nchi nzima. Watu 62 waliuawa. Ernesto Nhamuave, Mmsumbiji, alichomwa moto hadharani katika mtaa wa mabanda unaoitwa Ramaphosa, na picha yake ikazunguka dunia nzima. Maelfu ya Wasumbiji walipanda mabasi kurudi kwao, wengine bila shaka kwenye vijiji vilevile ambako majirani zao walitolewa juu ya miti. Machi 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira, askari wa Afrika Kusini walirudi tena na helikopta kuokoa watu Msumbiji na Malawi. Mwezi huohuo, Durban, Wamalawi walikuwa wanafukuzwa kwenye vibanda vyao. Kwa hiyo nchi moja, kwa wakati mmoja, ilikuwa na mkono unaoinua na mkono unaosukuma. Sisemi hivyo kuwatukana Wasauzi. Mikono yote miwili ni ya watu, na kila nchi inayo, yetu ikiwemo.

Hapa ndipo nataka tuliangalie neno ambalo Kiswahili chetu kimetujalia: masimango. Kumsimanga mtu ni kumtajia wema uliomtendea ili umnyamazishe. Shukrani na masimango huvaa nguo moja, ndiyo maana tunachanganyikiwa. Lakini vitu vitatu vinavitofautisha.

Kwanza, angalia nani anadai. Katika masimango, anayedai mara nyingi siye aliyetenda. Yule mama wodini hakurusha helikopta. Na mzee wetu? Nilimfuata wiki iliyofuata, nikamwamkia, nikamuuliza: "Mzee wangu, wewe ulikuwepo Mazimbu?" Akacheka. "Hapana mwanangu, wakati huo nilikuwa Tanga, nafanya kazi bandarini." Watu wa Morogoro waliowapa ANC ardhi ya Mazimbu mwaka 1977, waliogawana nao soko, zahanati na uhaba wa sukari wa miaka ile, hao ndio watendaji. Wapiga mbizi wa Mwanza na marubani wa Limpopo, hao ndio watendaji. Sisi wengine tunakopa sifa zao.

Pili, angalia nani anadaiwa. Katika masimango, anayedaiwa mara nyingi siye aliyetendewa. Kijana wa miaka 20 anayepiga kelele mitaani hapa hakula ugali wa Mazimbu. Chuo cha Solomon Mahlangu kilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992, kijana huyo hajazaliwa. Na yule mtoto wa alfajiri, aliyekuwa na saa tano duniani, alitolewa kwenye mti gani?

Tatu, na hili ndilo kubwa, angalia kinachodaiwa ni nini. Anayestahili asante hudai asante, na wengi hata hiyo hawaidai. Anayesimanga anadai haki yako: utoke kitandani, uhame mtaa, ufunge mdomo. Wema wa jeshi kwenye maafa ukigeuzwa kuwa hati ya kumnyima mtu dawa, huo si wema tena. Umekuwa mkopo wa riba, na aliyeandikishwa kuulipa hakuwahi kutia saini.

Najua mtu ataniambia: "Sista, acha hisia. Hospitali zimejaa, kodi wanalipa wenyeji." Ndugu yangu, mimi ndiye ninayezilea wodi hizo zilizojaa, usinifundishe. Msongamano ni kweli. Uhaba wa wauguzi ni kweli. Hiyo ni hoja halali, na ijadiliwe kwa hesabu ya vitanda, bajeti na ajira, serikali zetu za nyumbani zikiulizwa pia kwa nini mama mjamzito anavuka mipaka kutafuta kitanda. Lakini isijadiliwe kwa helikopta za mwaka 2000. Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inatoa haki ya huduma za afya kwa kila mtu, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haikuandika "isipokuwa wasio na shukrani". Kikundi cha Operation Dudula kilipokuwa kikisimama kwenye milango ya zahanati kudai vitambulisho, ni Mahakama Kuu ya hapahapa Johannesburg, Novemba 2025, iliyokizuia. Nao ni Wasauzi waliotoa hukumu hiyo. Tusiwasahau tunapowalaani wote kwa pamoja.

Sasa niwageukie wenzangu, maana kulaumu upande mmoja ni rahisi. Je, sisi tuna shukrani? Nasema kwa uchungu: kidogo sana. Nimesoma Mwanza tangu shule ya msingi hadi sekondari. Kila Mei tulisikia habari za MV Bukoba, na mnara wa Igoma tunaujua. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia kwamba walikuja wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini. Ningekuwa sina bibi, nisingejua. Tumewaomboleza waliokufa, jambo ambalo ni haki yao, lakini waliozama kuwafuata tumewaacha bila hata sentensi moja. Halafu tunashangaa vijana wa Soweto hawaijui Mazimbu! Tumewafundisha nini wa kwetu?

Huo ndio utovu wa shukrani wa kweli. Kumlalamikia aliyekusaidia anapokukosea si utovu wa shukrani. Kuhama kwenda kutafuta kazi nchini kwake si utovu wa shukrani. Utovu wa shukrani ni kusahau, na dawa yake ni kukumbuka. Fimbo haitibu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, madogo, yasiyohitaji serikali.

La kwanza, kila tarehe 21 Mei, Watanzania tulioko hapa tukutane kuwakumbuka marehemu wa MV Bukoba, na tuwaalike majirani zetu Wasauzi. Tuwaambie: askari wenu walikuja, tunashukuru. Nanyi tuwaambie habari za Morogoro bila kusimanga, kama mtu anavyomsimulia ndugu habari za nyumba waliyoishi wote. Ninyi mlioko Mwanza, ongezeni sentensi moja kwenye ibada za Igoma.

La pili, ni la kiuguzi. Tukachangie damu. Huduma ya damu hapa haiulizi damu imetoka taifa gani, inauliza kama ni salama. Yapo masharti, hasa kwa aliyetoka nyumbani karibuni kwenye malaria, lakini wengi wetu tuliokaa hapa miaka tunafaa. Chupa hiyo atapewa Msauzi au Mmsumbiji, na hakuna atakayejua. Naona hivyo ndivyo deni la namna hii linavyolipwa. Yule aliyemtoa mama yangu mdogo ziwani sitamwona kamwe. Nikitaka kumlipa, itanibidi nimpe mwingine. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema nenda zako kisha urudi na daftari.

Nimalizie kwa yule mwanamke wa Gaza. Siku ya kuruhusiwa nilimbebea mtoto mpaka getini. Nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu siku ile. Akanitazama kama hajaelewa naomba radhi ya nini, kisha akasema, "Sista, nimezoea." Akampokea mtoto, akamfunga mgongoni, akaenda kutafuta teksi.

Maneno yale ya kuzoea yaliniuma kuliko ya yule mama. Nimeandika haya ili safari ijayo nisinyamaze, wala wodini wala msibani.

Naomba kuwasilisha.